Raba za kikapu za shingo fupi: mwongozo kamili wa kuchagua jozi ya kuvaa kila siku

Raba nyingi zinazotembea mtaani leo, kuanzia Kariakoo hadi Gikomba, zilianzia kwenye viwanja vya mpira wa kikapu vya Marekani kati ya miaka ya 1950 na 1980. Superstar ya Adidas, Clyde ya Puma, Air Force 1 na Dunk za Nike: zote zilishonwa kwa ajili ya mchezaji anayekimbia na kugeuka ghafla juu ya sakafu ya mbao, ndani ya ukumbi, mahali pasipo na vumbi wala dimbwi. Sisi tunazivaa kazini, chuoni, harusini, kwenye daladala na kwenye barabara ya changarawe. Kwa hiyo uchaguzi mzuri huanzia chini kwenda juu: soli kwanza, kisha ngozi au kitambaa, kisha umbo la mguu wako, baadaye rangi, na jina la kampuni mwisho kabisa. Muuzaji atakupitisha njia hiyo kinyumenyume. Usimfuate.

Naziita za shingo fupi kwa sababu zinaishia chini ya kifundo cha mguu. Zile ndefu zina uzuri wake, lakini kwa joto letu, na kwa mtu anayevua viatu mara nyingi kwa siku, msikitini, ukweni au sebuleni kwa jirani, fupi ndiyo inayovalika kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

Hatua ya 1: Jua raba itapita wapi

Chukua wiki yako ya kawaida, siyo ile ya sikukuu. Unatembea kiasi gani? Unasimama kwa muda gani? Mvua ikinyesha, mtaa wenu una lami au tope?

Mwalimu anayesimama darasani siku nzima anahitaji soli nene yenye kitu laini ndani. All Star ya turubai itamchosha nyayo kabla ya saa nane mchana, pamoja na uzuri wake wote. Mwanafunzi anayetoka hosteli na kufika darasani kwa dakika tano anaweza kuvaa karibu chochote. Dereva wa bodaboda aangalie kiatu cha kushoto: gia husugua sehemu ya juu karibu na vidole, na swedi ikisuguliwa pale kila siku hupata upara mapema. Yeye achukue ngozi, tena ya rangi nzito.

Mahali unapoishi pia huamua. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja tatizo ni unyevu na jasho. Dodoma na Singida ni vumbi. Moshi na Iringa ni udongo mwekundu, ambao ukishaingia kwenye nyuzi za turubai nyeupe hautoki wote, ufue utakavyofua.

Hatua ya 2: Zijue koo zake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukijua raba ilitengenezwa kwa ajili ya nani na lini, utajua pia itakuwaje mguuni.

Ukoo wa kwanza ni wa turubai. Converse walianza kutengeneza All Star mwaka 1917, na kwa miongo kadhaa ilikuwa inafunika kifundo cha mguu. Ya shingo fupi ilikuja mwaka 1957. Ni nyepesi, inapitisha hewa, haichukui muda kukauka. Soli yake ni bapa na nyembamba, kwa hiyo kokoto utazisikia. Tangu mwaka 2013 kampuni hiyo inauza pia Chuck 70, ambayo ina turubai nzito zaidi, mpira wa pembeni ulio mrefu kidogo na wenye rangi ya maziwa, na soli ya ndani iliyo laini kuliko ile ya kawaida. Mfuko ukiruhusu, chukua Chuck 70. Tofauti utaiona baada ya miezi sita, wakati ile ya kawaida imeanza kulegea.

Ukoo wa pili ni wa swedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi. Puma Suede ilitoka mwaka 1968. Mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Mexico, mkimbiaji wa Marekani Tommie Smith alipanda jukwaani kupokea dhahabu ya mita 200 akiwa na soksi nyeusi bila viatu, na pembeni yake aliweka kiatu kimoja cha Puma cha aina hiyo, kabla hajainua ngumi kupinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 1973 Puma wakatoa Clyde kwa ajili ya Walt Frazier wa timu ya kikapu ya New York Knicks, mtu aliyejulikana kwa kuvaa vizuri nje ya uwanja kama alivyojulikana kwa pasi zake ndani. Historia hiyo inaonekana kwenye kiatu chenyewe: ni chembamba, kimelala chini, na kinakubali suruali ya kitambaa bila kuleta ugomvi. Adidas Campus ni wa ukoo huohuo.

Wa tatu ni wa ngozi. Adidas walipoleta Superstar mwaka 1969, wachezaji wengi wa Marekani walikuwa bado kwenye turubai. Ilikuwa fupi, ya ngozi, na mbele ina kofia ya mpira mgumu yenye mistari ya kombe la baharini, iliyowekwa kulinda vidole. Kareem Abdul-Jabbar, nyota wa kikapu wa Marekani, aliivaa. Baadaye vijana wa kundi la rap la Run-DMC kutoka Queens, New York, wakaivaa bila kamba, na mwaka 1986 wakasaini mkataba na Adidas, jambo lililokuwa geni kwa wanamuziki wakati huo. Hapo ndipo raba ya uwanjani ilipohamia mtaani rasmi.

Mwaka 1982 Nike wakatoa Air Force 1, iliyochorwa na Bruce Kilgore. Ndiyo raba yao ya kwanza ya kikapu kuwa na mfuko wa hewa ndani ya soli. Fupi yake ikafuata mwaka 1983. Nike walikusudia kuiacha, kama walivyokuwa wakifanya kwa raba zote baada ya msimu au miwili, lakini wenye maduka wa Baltimore waliona wateja wanaitaka bado wakaomba iendelee kutengenezwa kwa rangi mpya. Bila wao huenda tusingekuwa na neno la kuandika juu yake. Ni nzito, ni pana, na chini ya mbele ya nyayo ina miduara inayozungukana, iliyowekwa ili mchezaji aweze kugeuka akiwa amesimama mguu mmoja.

Adidas Forum ya mwaka 1984 utaitambua kwa mkanda unaopita juu ya kamba. Nike Dunk ya mwaka 1985 ilitengenezwa kwa rangi za timu za vyuo vikuu: bluu na nyeupe ya Kentucky, bluu na njano ya Michigan, chungwa ya Syracuse. Ndiyo maana Dunk nyingi zina rangi mbili zilizogawana kiatu waziwazi. Na New Balance 550, ambayo watu wengi huidhani ni mpya, ni ya mwaka 1989. Ilisahaulika kabisa hadi mwaka 2020 duka la mavazi la Aimé Leon Dore la New York lilipoirudisha kwa kushirikiana na kampuni.

Stan Smith ya Adidas na Club C ya Reebok hazimo humu kwa sababu ni za tenisi, ingawa zinafanana nazo na zinavalika vilevile. Mengi nitakayoyasema kuhusu soli na namba yanazihusu pia.

Ukitaka maoni yangu kwa mtu mwenye pesa ya jozi moja tu: Air Force 1 kama una mguu mpana au unasimama muda mrefu, Superstar kama mguu wako ni wa wastani na unatembea sana, New Balance 550 kama ofisi yenu inaruhusu raba lakini bosi ana macho. Swedi iwe jozi ya pili, kwa sababu inahitaji kupumzishwa siku za mvua.

Hatua ya 3: Ipindue, uangalie soli

Kuna namna mbili kubwa za kuunga soli kwenye raba hizi.

Ya kwanza ni ile ya Converse. Utepe wa mpira huzungushwa kwenye kiatu kisha kiatu kizima hupikwa kwenye tanuri hadi mpira ushike. Matokeo yake ni raba inayokunjika kirahisi na kuonekana nyembamba. Inapofia ni palepale mguu unapokunjika, upande wa kidole kidogo: utepe hupasuka, kisha huanza kubanduka na kuingiza maji. Dukani, kunja kiatu mara kadhaa na uangalie sehemu hiyo. Ukiona ufa mwembamba au gundi inayochungulia, rudisha.

Ya pili ni soli ya kikombe. Mpira umefinyangwa ukiwa na kuta, kiatu kikatumbukizwa ndani, kikagundishwa kisha kikashonwa kuzunguka ukuta. Superstar, Suede, Air Force 1, Dunk na 550 ziko hivi. Ni nzito zaidi ila hudumu. Uthibitisho wake ni uzi. Pitisha ukucha kwenye mfereji ulio juu ya ukuta wa soli: uzi halisi utausikia ukipanda na kushuka, kila mshono na tundu lake. Kisha, ikiwa soli ya ndani inanyanyuka, ifunue. Utaona mstari wa uzi huohuo umetokeza kwa ndani, pembezoni. Raba nyingi za bei ya chini zina mchoro wa mshono uliofinyangwa kwenye mpira wenyewe, bila uzi wowote. Hizo zimeshikwa na gundi pekee, na gundi na jua la Dodoma havipatani.

Jambo la kuangalia zaidi kwa mtumba na kwa raba zilizokaa stoo: ile sifongo iliyo kati ya soli na mguu. Baadhi yake hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kuvunjika taratibu, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Kinaweza kutoka kwenye boksi kikiwa kizuri, ukakivaa, na ndani ya saa moja kikamwaga unga. Pwani hali hiyo huja haraka zaidi. Bonyeza ukuta wa soli kwa dole gumba. Mpira mzima hurudi. Sifongo iliyooza hubaki na shimo, huonyesha nyufa au huacha unga mkononi. Habari njema ni kwamba raba za koo nilizozitaja zimefunikwa na mpira pande zote, kwa hiyo huathirika kidogo kuliko raba za kukimbilia ambazo sifongo yake iko wazi.

Mistari ya chini nayo isome. Zigizaga ya Superstar hushika vizuri kwenye vigae na lami, ila hujaa tope. Soli iliyokwisha mistari, ya aina yoyote, itakuangusha kwenye kibaraza kilicholowa.

Hatua ya 4: Ngozi, swedi au turubai

Ndani ya ulimi wa kiatu au chini ya soli, raba nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya zina kibandiko chenye michoro midogo. Hiyo ni lebo ya lazima ya Umoja wa Ulaya. Inataja sehemu tatu: juu ya kiatu, ndani yake, na soli. Mchoro wa ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Ngozi hiyohiyo ikiwa na almasi ndogo katikati ni ngozi iliyopakwa tabaka juu. Mchoro wa nyuzi zilizofumwa ni kitambaa. Almasi peke yake ni kitu kingine, na mara nyingi kwenye raba kitu hicho ni ngozi bandia au mpira. Isome kabla hujaanza kuongea bei, kwa sababu hata kampuni kubwa hutumia ngozi bandia kwenye baadhi ya matoleo yake.

Lebo ikiwa imefutika, tumia kidole. Bonyeza ngozi karibu na kamba. Ngozi halisi hutoa mikunjo mingi midogo inayotawanyika. Bandia hutoa mkunjo mmoja mkubwa au hujirudia bila alama. Kwenye joto na jasho ngozi bandia huanza kumenyuka pale inapokunjika, na ikishamenyuka hakuna fundi wa kuirudisha.

Swedi ni nzuri kuitazama na ni laini mguuni tangu siku ya kwanza. Adui yake ni maji machafu na mafuta ya chipsi. Kama unapenda swedi lakini unaishi mahali pa tope, chukua kahawia, kijani cha jeshi au nyeusi. Turubai inakufaa wewe uliye kwenye joto na usiye na haraka ya kuonekana nadhifu muda wote, kwa sababu inapochakaa kidogo bado inapendeza. Ngozi nyeupe iliyochakaa haina bahati hiyo.

Hatua ya 5: Namba ya sentimita ndiyo namba yako

Watu wengi hununua kwa kusema "navaa 42". Haitoshi. Mguu wa sentimita 27 kwenye Nike ni 42.5 ya Ulaya na 8 ya Uingereza. Kwenye Adidas mguu uleule ni 42 na theluthi mbili, na 8.5 ya Uingereza. Ukibeba namba ya Uingereza kutoka kampuni moja kwenda nyingine utabanwa au utaogelea.

Pima hivi. Subiri jioni, maana mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama kwa uzito wako wote. Weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine siyo dole gumba. Pima miguu yote miwili ukiwa na soksi unazovaa siku zote, na ufuate ule mkubwa. Sentimita hizo ndizo utakazozitafuta kwenye lebo ya ulimi, mahali palipoandikwa CM au JP. Kwenye Adidas huandikwa kwa milimita, yaani 270.

Hapo bado kuna tabia za kila raba. Converse All Star hukatwa kubwa; wengi hushuka nusu namba, wengine namba nzima. Air Force 1 na Superstar nazo ni kubwa kidogo, nusu namba chini hutosha kwa mguu wa kawaida. Dunk na Puma Suede zifuate namba yako, na kama mguu ni mpana panda nusu.

Mguu mpana unastahili tahadhari moja zaidi. Ngozi hutanuka na turubai hulegea, lakini kofia ya mpira ya Superstar haitanuki kamwe. Ikikubana vidole dukani itakubana miaka yote. Usikubali maneno ya "itafunguka tu kaka, vaa wiki moja". Kwenye raba hiyo haifunguki.

Ukishaivaa, funga kamba, tembea, shuka ngazi kama ipo. Kisigino kisipande zaidi ya unene wa sarafu. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya karibu sentimita moja.

Hatua ya 6: Rangi na nguo

Fungua kabati kabla ya kufungua mkoba. Hesabu suruali na sketi unazovaa kweli, uone rangi gani inarudiarudia. Raba ifuate hiyo.

Nyeupe tupu inakubali kila kitu, na ndiyo sababu imeenea. Ila nyeupe yenye weusi au kijani kidogo kisiginoni huficha umri vizuri zaidi. Nyeupe ya maziwa ni chaguo ninalolipenda kwa ngozi zetu nyeusi: haing'ai kupita kiasi na haionekani imegeuka njano, maana tayari ina joto lake. Soli ya rangi ya asali hufanya raba ionekane tulivu na huficha vumbi.

Kwa jinzi nyembamba, vaa raba nyembamba: Suede, Campus, All Star. Air Force 1 chini ya suruali ya kubana hufanya miguu ionekane mizito kwa chini. Kwa jinzi pana na suruali za mifuko ya pembeni, geuza: hapo ndipo Air Force 1, Dunk na Forum zinapopata nafasi. Kadeti iliyopigwa pasi inaenda na Superstar au 550, na pindo la suruali liguse tu juu ya ulimi. Suruali ikijikunja mara mbili tatu juu ya raba fupi, uzuri wote umepotea. Mpe fundi cherehani apunguze, ni kazi ya dakika chache.

Pwani vijana wamezoea kanzu na raba nyeupe safi siku ya Ijumaa, na inapendeza mradi raba iwe ya rangi moja na isiwe na maandishi makubwa. Dada zetu wanavaa Superstar au Campus chini ya baibui, na sketi ndefu ya kitenge na All Star nyeupe ni vazi ambalo limeshathibitika. Kwa kitenge chenye rangi nyingi, raba isiongeze rangi nyingine. Dunk ya rangi mbili iachie fulana ya rangi moja.

Soksi: fupi zinazojificha kwa pensi na sketi, nyeupe zinazofika katikati ya muundi kwa suruali pana. Usivae bila soksi kabisa. Jasho litaozesha bitana ya kisigino kabla ya soli kuisha.

Hatua ya 7: Kununua

Anza na hesabu. Air Force 1 nyeupe mpya, kwao Marekani, huuzwa zaidi ya dola 100. Hiyo ni zaidi ya shilingi laki mbili na nusu za Tanzania au elfu kumi na mbili za Kenya, kabla ya usafiri na ushuru. Ukiona mpya, yenye boksi, kwa elfu arobaini na tano za Tanzania, hilo ni kopi, na muuzaji anajua. Kopi ni kosa kisheria. Tanzania Tume ya Ushindani huzikamata, na Kenya wana mamlaka yao ya kupambana na bidhaa bandia. Kwa pesa hiyohiyo sokoni kwa mitumba unaweza kupata raba halisi iliyotumika kidogo, na nakusihi uende huko badala ya kununua kopi.

Kwa raba inayodaiwa kuwa mpya na halisi, tafuta msimbo kwenye lebo ya ulimi. Air Force 1 nyeupe tupu ya wanaume, kwa mfano, ina CW2288-111. Superstar nyeupe yenye mistari myeusi ina EG4958. Andika msimbo huo kwenye simu hapohapo dukani. Picha itakayokuja iwe raba ileile na rangi ileile, na msimbo uwe umeandikwa hivyohivyo kwenye boksi. Ukiona msimbo wa raba ya bluu kwenye raba nyeusi, maliza mazungumzo. Msimbo sahihi peke yake hauthibitishi kitu, kwa kuwa nao hunakiliwa, hivyo endelea: pembeni mwa mistari mitatu ya Superstar kuna meno madogo yaliyokatwa sawasawa, matundu ya juu ya vidole ya Air Force 1 yametobolewa hadi mwisho, siyo kubonyezwa tu, harufu ya gundi haikupigi puani. Dunk nyeusi na nyeupe, ile iitwayo Panda iliyotoka mwaka 2021, ichunguze mara mbili, kwa kuwa imenakiliwa kupita kiasi.

Mtumbani, Karume, Memorial ya Moshi, Gikomba au Toi, wahi asubuhi siku wanayofungua mzigo. Kisha fanya haya ukiwa umechuchumaa, bila haraka, hata muuzaji akikuambia kuna mteja anakuja.

Linganisha lebo za kushoto na kulia. Jozi zisizo pacha zipo. Zisimamishe juu ya kitu bapa uzitazame kwa nyuma. Zikilalia upande mmoja, mwenye nazo wa kwanza alizipinda kwa mwendo wake, na wewe hutazinyoosha. Ingiza mkono ndani ushike bitana ya kisigino, sehemu inayotoboka mapema kuliko zote. Tundu dogo fundi ataliweka kiraka. Likiwa limefika kwenye plastiki ngumu ya ndani, litakuchuna. Kwangua kwa ukucha pale kiatu kinapokunjika. Raba nyeupe nyingi za mtumba hupakwa rangi ili kuficha nyufa, na rangi hiyo hutoka kama ganda. Swedi nyeusi ifute kwa kitambaa chenye maji: kikitoka cheusi sana, imepakwa jana.

Ukipata kasoro, ionyeshe kwa kidole wakati wa kuulizia bei. "Kaka, hapa mshono umeachia, na soli hii imelika. Nifanyie bei ya kuondoka nayo." Muuzaji wa mtumba anaheshimu mteja anayejua anachokishika.

Mtandaoni, omba picha ya lebo, ya soli, na ya kisigino kwa ndani, zilizopigwa leo. Ukiona anatuma picha za kampuni tu, mwache. Lipa unapopokea na kukagua.

Hatua ya 8: Siku za mwanzo na baada ya hapo

Usivae jozi mpya kwa safari ndefu. Ivae nyumbani jioni mbili tatu, kisha dukani na kurudi.

Kuna desturi ya kupeleka kila kiatu kipya kwa fundi kikashonwe soli. Kwa raba iliyogundishwa tu, desturi hiyo ni nzuri. Kwa soli ya kikombe yenye mshono wake, usifanye hivyo: mshono wa pili hutoboa mpira kwa mara nyingine na kufungulia maji njia.

Kuosha ndiko kunakoua raba nyingi. Usiloweke kwenye ndoo yenye sabuni ya unga, hata kama ni turubai, kwani gundi hulainika na sabuni hubaki ndani ya nyuzi. Toa kamba na soli ya ndani uvioshe peke yake. Piga vumbi kwa brashi kavu. Kisha mswaki wa zamani, maji kidogo, sabuni ya mche au ya maji, na kitambaa cha kufutia palepale. Suuza kwa kitambaa safi chenye maji mpaka povu liishe. Jaza karatasi ndani, magazeti kwa raba nyeusi na karatasi nyeupe kwa raba nyeupe ili wino usihame, na uanike kivulini penye upepo. Jua kali likikuta mabaki ya sabuni huacha ramani za njano. Turubai nyeupe, ukishaisuuza, izungushie karatasi ya chooni kote ikiwa bado mbichi. Inapokauka unjano hupanda kwenye karatasi.

Swedi haioshwi. Acha tope likauke, lipige kwa brashi, kisha sugua doa kwa kifutio cha penseli. Manyoya yaliyolala yainue kwa mvuke wa birika, mbali kidogo, halafu brashi tena.

Pwani, usihifadhi raba ndani ya mfuko wa plastiki. Weka vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi, uzitoe nje kila baada ya wiki kadhaa, na uzivae. Raba hizi huharibika zaidi kwa kufichwa kuliko kwa kutembelewa, na ukiwa na jozi mbili za kupokezana, kila moja ikapata siku ya kukauka jasho, zote zitakaa muda mrefu.

Mshono wa soli ukiachia, usisubiri ufunguke wote na usijaze gundi ya matone, ambayo hukauka ngumu na kupasua mpira. Mpelekee fundi viatu mapema, umwombe mambo mawili: atumie uzi wa nailoni, na apitishe sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani, tundu kwa tundu, bila kutoboa mapya. Kaa hapo umwangalie akianza. Akianza vizuri, mwachie amalize.